Yule kereng'ende anayepunga miguu kijitoni ni nani?

Swali: Shikamoo mzee. Mimi natembeza wageni katika msitu wa Amani, juu ya Muheza. Mwezi uliopita, kwenye kijito kimoja kinachoshuka kuelekea Sigi, tulimwona kereng'ende mdogo mwenye mgongo wa buluu. Alikuwa anaelea hewani mbele ya mwenzake wa rangi ya kahawia, ameteremsha miguu myeupe na kuitetemesha kama mtu anayepunga leso. Mgeni mmoja akasema huyu ndiye yule adimu wa Amani, asiyepatikana kokote duniani. Mwenzangu akabisha. Picha ninayo moja tu ya simu, imechukua mgongo, na yenyewe ina ukungu. Huyu ni yupi? Na nikirudi, nitamtambuaje kwa hakika bila kumkamata?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Mwenzako alibisha vizuri. Uliyemwona si yule adimu. Kwa maelezo yako, na hasa kwa hiyo leso, huyo ni wa jenasi ya Platycypha, yaani kundi la spishi zenye undugu wa karibu, na nikilazimishwa kuweka dau nitasema Platycypha caligata, ambaye anajulikana katika vijito vingi kuanzia Kenya hadi Afrika Kusini. Nasema "nikilazimishwa" kwa sababu huko Usambara Mashariki ana ndugu yake wa karibu, Platycypha auripes, na picha ya mgongo haitoshi kuwatenganisha. Hapo ndipo penye kazi, nami nitakaa hapo kwa kitambo.

Kwanza nikutoe kwa huyo adimu, maana kwa kazi yako utaulizwa habari zake mara kwa mara. Anaitwa Amanipodagrion gilliesi. Alielezwa kisayansi mwaka 1962 na Elliot Pinhey, na hilo jina la pili ni la Mick Gillies, mtafiti wa mbu aliyekuwa Amani enzi za taasisi ya malaria. Ni kweli kwamba hajulikani kokote nje ya Usambara Mashariki, na ni kweli kwamba amewekwa katika daraja la viumbe walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Mgeni wako habari alikuwa nazo sawasawa, ila alizitundika kwa mtu asiye mwenyewe. Huyo wa Gillies ni mrefu, mwembamba kama chelewa, mwenye mwili wa rangi ya giza. Wako ni mfupi, kibonge, na mgongo wake ni wa buluu. Tofauti hiyo peke yake inamaliza kesi.

Kiswahili chetu kinawaita wote kereng'ende, wanene wa madimbwini na wembamba wa vijitoni. (Kamusi nazo zinalitumia neno hilohilo kwa ndege fulani wa jamii ya kwale, kwa hiyo ukimwambia mzee wa shamba kwamba umemwona kereng'ende, usishangae akikuuliza kama alikuwa mnono.) Wanasayansi huwagawa hawa wadudu mafungu mawili. Wanene wana macho makubwa ambayo kwa wengi wao hugusana utosini, na hutua mabawa yamenyooshwa kando kama ndege ya abiria. Wembamba wana macho yaliyoachana, kila moja pembeni mwa kichwa, hata ukiwatazama usoni kichwa kinafanana na nyundo. Wako ni wa fungu hili la pili, na ndani yake ni wa jamii ya Chlorocyphidae.

Jamii hiyo ina alama mbili ambazo hazitegemei rangi, na ningependa uzishike hizo kabla ya rangi yoyote. Ya kwanza ni pua. Si pua ya kupumulia, kwani wadudu hupumua kwa vitundu vya ubavuni. Ni sehemu ya uso iliyo juu ya kinywa, nayo imejitokeza mbele kama pua ya mtu aliyeambiwa jambo asilolipenda. Mtazame kwa ubavu utaiona, na ukishaiona mara moja hutaisahau. Ya pili ni urefu wa mabawa. Kereng'ende wembamba walio wengi wana tumbo refu linalochungulia nyuma ya mabawa yaliyofungwa, kama mpini wa mwavuli. Wa jamii hii tumbo lao ni fupi kuliko mabawa. Na hapo picha yako imenisaidia kuliko unavyofikiri: pamoja na ukungu wote, ncha za mabawa zinaonekana zimepita mwisho wa lile buluu. Ndiyo maana nimeandika jina la jamii bila kusitasita.

Sasa miguu. Mguu wa kereng'ende una paja na una muundi, kama wetu. Kwa madume wa Platycypha miundi imebapatika, imetanuka kama makasia madogo. Dume wa caligata aliyekomaa ana miundi iliyo myeupe upande wa mbele, nyeupe ya chokaa, na myekundu upande wa nyuma. Jina lenyewe linasema hivyo: caligata ni Kilatini, maana yake aliyevaa caliga, yaani viatu vya askari wa Roma. Kaisari Caligula alipata jina lake kutokana na viatu hivyohivyo, tangu utotoni alipokuwa akivalishwa sare ndogo ya kijeshi kambini. Selys, Mbelgiji aliyempa mdudu huyu jina mwaka 1853, alikuwa na kielelezo mkononi kilichokwisha kufa, na bado kilichomvutia kilikuwa miguu. Wewe uliiona ikifanya kazi.

Huyo ndugu yake naye kapewa jina kwa miguu. Auripes ni "mwenye miguu ya dhahabu". Förster alimweleza mwaka 1906, na makao yake ni misitu ya Tao la Mashariki, ile safu ya milima ambayo Usambara ni mojawapo. Kwa hiyo swali lako, ukilivua mengine yote, linabaki kuwa moja: muundi ulikuwa mweupe au wa manjano?

Wewe umesema mweupe, na mimi nakuamini, lakini nakuamini nusu. Nitakwambia kwa nini. Chini ya miti mirefu mwanga hufika kijitoni kwa vipande. Mdudu anayeelea ndani ya kipande cha jua, nyuma yake giza la msitu, hung'aa kupita kiasi, na manjano iliyopauka katika hali hiyo jicho linaisoma kuwa nyeupe. Simu ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu inapima mwanga kwa giza lililotawala picha kisha inaunguza kila kilicho angavu. Ndiyo maana nataka uthibitisho wa pili: mtazame akiwa ametua, kivulini au mahali mwanga ulipotulia, miundi ikiwa imeshika kijiti. Hapo rangi haina pa kujificha.

Mgongo wa buluu usiutegemee sana. Dume aliyekomaa wa caligata ana tumbo la buluu kali juu, na wekundu wa chungwa ubavuni, lakini hazaliwi hivyo. Akitoka majini ni wa rangi ya maji ya kunde, na buluu humjia polepole siku zinavyopita. Jike yeye habadiliki kuwa buluu: hubaki kahawia na weusi wenye michirizi na madoa ya manjano, miguu yake ya kawaida isiyobapatika. Yule "mwenzake wa kahawia" uliyemwona akipungiwa ndiye huyo. Mimi mwenyewe, miaka ile naanza, nilikaa asubuhi nzima kwenye kijito kimoja nikiandika daftarini "jike, jike, jike" kwa kereng'ende mmoja aliyekuwa akirudi kijiti kilekile. Saa sita hivi akaja mwingine, na yule "jike" wangu akainua miguu kumtisha, miundi mipana kama kijiko. Alikuwa dume kijana. Nikafuta ukurasa mzima. Tangu siku ile, kabla sijaandika jinsi ya mdudu yeyote wa jamii hii, natazama muundi kwanza.

Ukitaka kumpata tena, usimtafute kereng'ende. Tafuta gogo.

Jike wa Platycypha hutaga mayai ndani ya mti uliooza ulio majini au unaolowa maji: gogo lililozama nusu, tawi lililonaswa kati ya mawe, mizizi iliyolainika. Ana kisu kidogo mwishoni mwa tumbo cha kutobolea. Dume anajua hilo, kwa hiyo hashughuliki kumtafuta jike kijito kizima. Anashika gogo zuri, analilinda, na kumngoja jike aje mwenyewe kwa haja yake ya kutaga. Gogo zuri ni lipi? Gamba limekwishatoka, mti umekuwa laini, maji yanapita pembeni bila kulifunika lote, na kipande cha jua kinaliangukia kwa sehemu ya mchana. Bonyeza kwa ukucha mahali pasipo na mdudu: likiingia kama muhogo uliochemshwa, umefika. Gogo gumu jipya lililoangushwa na mvua ya juzi, hata likiwa kubwa namna gani, pita uende zako.

Muda wake ni kuanzia saa nne asubuhi, jua likishaanza kupenya, hadi saa nane au tisa mchana. Kabla ya hapo wengi wako juu majanini, baridi imewashika. Wingu likifunika utaona wote wametoweka kana kwamba wameitwa. Usiondoke, jua likirudi nao watarudi, kila mmoja mahali pake. Kwa huko Amani mimi napenda kipindi cha katikati, vuli imepita na masika haijafika, maji yakiwa maangavu na joto lipo. Masika yakishika, kijito kinakuwa rangi ya chai ya maziwa na magogo mengi yanahamishwa na mafuriko, basi kazi inaanza upya.

Kaa chini. Wageni wako waambie hivyo hivyo, maana mtu aliyesimama ukingoni anatupa kivuli majini, na kivuli kinachosogea ndicho kinachowaudhi hawa kuliko sauti. Mita 3 kutoka kwenye gogo zinatosha. Kaa ukitazamana na gogo kwa upande, si kwa juu, uwe chini kiasi cha macho yako kukaribia usawa wake. Kisha ngoja dakika 20 bila kuinuka. Wageni wengi huchoka dakika ya tano, na wanaochoka ndio watakaokuambia baadaye kwamba hapakuwa na kitu.

Utakachokiona ni hiki. Dume ametua kwenye ncha ya kijiti au juu ya gogo lenyewe, mabawa yamefungwa, kichwa kinageuka huku na huku. Anaruka, anamdaka kijidudu hewani, anarudi palepale. Akipita dume mwingine, mwenyeji anainuka kumkabili, wanaelea wakitazamana, wanayumba pamoja juu ya maji kama watoto wawili wanaosukumana bila kugusana, na mara nyingi mgeni ndiye anayeshindwa na kuondoka. Ukiona hivyo usidhani umeona kilele. Kilele ni jike akija. Anakuja chini chini, bila mbwembwe, anatua kwenye gogo au karibu nalo. Dume anamwendea, anasimama hewani mbele ya uso wake, umbali wa vidole vichache. Hapo anateremsha miundi yote, upande mweupe ukimwelekea jike, na kuitetemesha kwa kasi ambayo jicho haliwezi kuihesabu. Wakati huohuo anayumba kushoto na kulia kama ule uzito unaoning'inia ndani ya saa ya ukutani. Kwa jicho la mtu, weupe ule unakuwa kitu kimoja kinachomemeta, na ndiyo maana ulifikiria leso. Jike anaweza kuondoka tu, na mara nyingi huondoka. Asipoondoka, dume anamshika nyuma ya kichwa kwa vibanio vya mwisho wa tumbo lake, nao wanafanya ile duara ya kereng'ende ambayo kila mtoto aliyekulia karibu na maji ameiona. Baadaye jike anarudi gogoni kutaga, na dume anakaa jirani akifukuza wengine. Wakati mwingine majike wawili watatu wanataga kwenye gogo moja, mlinzi mmoja.

Tabia hiyo ya kupunga miundi ndiyo iliyonipa jina la Platycypha kutoka kwenye barua yako kabla sijafungua picha. Kumbuka tu kwamba inakufikisha kwenye jenasi, si kwenye spishi.

Kuna wengine watakaokuchanganya kijitoni hapo. Phaon iridipennis ni mkubwa, zaidi ya sentimita 6, wakati wako ni kama sentimita 3. Mwili wake una mng'ao wa kijani, miguu mirefu kama ya buibui, na mabawa yenye mishipa mingi sana yanayotoa rangi za povu la sabuni yakipigwa na jua. Hukaa kivulini na anapenda kufungua na kufunga mabawa taratibu. Umma declivium, wa misitu hiyohiyo ya Tao la Mashariki, naye ana mng'ao wa madini. Wote wawili tumbo lao ni refu na hawana pua, kwa hiyo zile alama mbili za mwanzo zinakuokoa. Na ukikutana msituni, mbali kidogo na kijito, na mwembamba mrefu wa ajabu mpaka ukadhani ni uzi unaopeperuka, huyo ni Coryphagrion grandis. Yeye huzaliana kwenye maji yaliyotuama ndani ya matundu ya miti, na jamaa zake wa karibu wako ng'ambo ya bahari, katika misitu ya Amerika ya Kati na Kusini. Huyo mwoneshe mgeni hata kama hakuuliza.

Kuhusu kumkamata: huna haja. Kwanza eneo hilo ni hifadhi ya mazingira asilia tangu 1997, iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, na kukusanya wadudu humo kunahitaji kibali cha utafiti. Pili, utakachokipata mkononi unaweza kukipata kwa macho. Una darubini? Nyingi haziwezi kuona kitu kilicho karibu chini ya mita 3, lakini zina siri: igeuze, tazama kupitia upande mpana, weka jicho mbali kidogo, na lile kioo dogo likaribie kitu mpaka kukigusa. Inakuwa lenzi ya kukuzia. Kwa kereng'ende hai haifai, atakimbia, lakini inafaa sana kwa ganda.

Ganda ni jambo ambalo waongozaji wengi hawaliangalii, na linasema mengi. Kereng'ende kabla ya kupata mabawa ni tunutu anayeishi majini, mwindaji mwenye mdomo wa chini unaochomoka kama mkono kunasa mawindo. Siku ya kubadilika hupanda jiweni au kwenye shina, ngozi inapasuka mgongoni, mwenye mabawa anatoka, ganda linabaki limeshikilia. Matunutu wa kereng'ende wembamba kwa kawaida wana mashavu matatu ya kupumulia mwishoni mwa mwili, mapana kama majani. Wa jamii ya Chlorocyphidae wanaonekana na mawili tu, marefu na magumu kama miiba, lile la katikati limesinyaa. Kwa hiyo ukilikuta ganda dogo jiweni lenye miiba miwili nyuma, umethibitisha kwamba jamii hiyo inazaliana katika kijito hicho, haipiti njia tu. Wageni hulipenda ganda kwa sababu halikimbii. Waoneshe, kisha liache hapo.

Watakuuliza pia kama anauma. Hana mwiba wala sumu. Vile vibanio vya nyuma vya dume ni vya kumshikia jike, na kisu cha jike ni cha mti uliooza. Watoto wa kwetu walikuwa wakitishana kwamba kereng'ende anachoma kwa mkia. Mimi nilikuwa mmojawapo wa waliotishwa, na nilikuwa nikikimbia kwelikweli.

Sasa niseme jambo linaloniuma kidogo. Kuna kijito kimoja, si cha kwenu, nilichokuwa nikikitembelea kwa miaka kadhaa kwa ajili ya gogo moja. Lilikuwa na madume wanne hadi watano siku ya jua, kila mmoja na sentimita zake. Safari moja nikafika nikakuta njia imepanuliwa, kivuko kizuri kimejengwa, na kijito "kimesafishwa". Matawi yaliyooza yametolewa yote, gogo langu limekatwa vipande na kurundikwa kando likikauka. Aliyefanya hivyo alikuwa na nia njema, na mimi nilipomweleza alinitazama kama anayetazama mtu anayelilia takataka. Maji yalikuwa maangavu kama zamani, miti imesimama, na kereng'ende wa miguu myeupe hakuwepo hata mmoja. Nilikaa saa mbili. Kwa hiyo wenzako wakipanga kusafisha vijito msimu ujao, wewe uwe wa kwanza kusema kwamba chupa na mifuko itoke, mti uliooza ubaki.

Mengine yanayowadhuru unayajua kuliko mimi: uchimbaji wa dhahabu uliotia tope vijitoni, ukataji wa miti ya ukingoni, ulimaji wa iliki chini ya misitu uliowahi kuenea sana huko. Tope likifunika gogo, mayai hayapati hewa. Kivuli kikitoka, maji yanapata joto, na wale wa msitu mzito wanaondoka wa kwanza. Hapa ndipo tofauti ya caligata na auripes inapokuwa na maana zaidi ya jina. Caligata ni mvumilivu. Utamkuta hata kwenye mito iliyo wazi kiasi, mradi kuna miti ukingoni, mawe na maji yanayotembea. Ukimwona yeye, umejua kijito hakijafa, basi. Ukimwona auripes, umejua kuna msitu wa kweli juu ya kichwa chako. Na maji hayo, kumbuka kuwaambia wageni, ndiyo yanayoingia Mto Sigi, na Mto Sigi ndio unaoinywesha Tanga.

Kwa hiyo fanya hivi. Rudi kwenye kijito kile, siku ya jua, ukiwa peke yako kwanza kabla ya kwenda na wageni. Kiandike kijiti au gogo alipotua, saa, kivuli au jua, na mwinuko kama simu yako inauonesha. Usimwandame dume akiruka. Atarudi palepale, nawe uwe umekwisha kulenga simu kwenye kijiti kitupu. Gusa kioo cha simu mahali penye kijiti ili ishike hapo, kisha punguza mwanga kidogo mpaka kijiti kionekane giza kuliko unavyopenda. Dume akitua, weupe hautaungua, na manjano kama ni manjano itabaki manjano. Piga nyingi. Kati ya 30 moja itakuwa nzuri.

Ukizipata, nitumie mbili: moja ya ubavu, miundi ionekane imeshika kijiti, na moja ya uso, niione hiyo pua. Ya mgongo usijisumbue, tayari ninayo.